Baina ya Amana na Deni: Tarehe ya Kadi za Benki

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, mwenye kadi ya benki mkononi hufanya moja katika mambo matatu: hutoa, hulipa, au hukopa. Akiisimamia mashine ya ukutani akachukua noti zake alizoziweka, ametoa. Akiipitisha kadi dukani na thamani ya bidhaa ikakatwa papo hapo katika hesabu yake, amelipa. Na akinunua kwa kadi ambayo nyuma yake hakuna mali yake hata senti moja, ila ahadi kwamba benki italipa leo naye atairudishia benki kesho, amekopa. Kwa macho mambo haya matatu yamefanana. Plastiki ni ile ile, mashine ni ile ile, na namba ya siri hubonyezwa kwa kidole kile kile. Lakini mbele ya sharia kila moja lina mlango wake, na anayeyachanganya ni kama mtu aliyeweka kabatini chupa ya maji, chupa ya siki na chupa ya sumu, kisha akaacha kusoma vibandiko kwa kuwa chupa zenyewe zafanana.

Nimeulizwa khabari hizi mara nyingi na wanafunzi wangu, na kina mama wa mitaani, na wazee waliostaafu ambao pensheni zao haziji tena ila kwa njia ya benki. Kila mmoja ataka jibu la neno moja: yafaa au haifai? Jibu la neno moja halipatikani mpaka tujue kitu chenyewe kimetoka wapi. Kwa hivyo natuanze na tarehe, kisha hukumu itafuata.

AMANA YA ZUBEIR BIN AWWAM

Wengi wetu hudhani kuwa kuweka mali kwa mwingine, kuihamisha kwa karatasi, na kulipa bila ya kushika fedha ni mambo yaliyozuka jana huko Ulaya. Mashine ndizo za jana. Mikataba yenyewe ni mikongwe, na wazee wa umma huu waliijua.

Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari kwamba Sayyidna Zubeir bin Awwam (R.A.), binamu wa Mtume (S.A.W.) na mmoja katika kumi waliobashiriwa Pepo, alikuwa akijiwa na watu wenye mali zao ili awahifadhie. Yeye alikuwa hakubali kuzipokea kama amana. Aliwaambia kuwa atazipokea kwa sharti ziwe ni mkopo juu yake, kwani alichelea zisije zikapotea. Tazama maana ya jambo hili. Amana ikipotea bila ya uzembe wa aliyewekewa, mwenye mali hana la kudai. Mkopo ukipotea, aliyeuchukua ni lazima alipe. Zubeir alijitwika mzigo mzito zaidi ili mali za watu ziwe salama, na kwa kuwa sasa zilikuwa deni juu yake, akapata na rukhsa ya kuzitumia. Huu ndio mkataba wa hesabu ya benki ya leo: pesa uliyoiweka si ile noti yako iliyofungiwa sandukuni ikikungoja, bali ni deni benki inalodaiwa na wewe.

Zubeir aliuawa mwaka 36 Hijria, sawa na 656 Miladia. Mwanawe Abdallah alipoyahisabu madeni yale yalifika 2,200,000. Ardhi ya Ghaba, ambayo Zubeir aliinunua kwa 170,000, ikauzwa kwa 1,600,000, na madeni yote yakalipwa. Hata hivyo warithi walipotaka kugawanyiwa, Abdallah alikataa. Kwa miaka minne mfululizo alisimama katika msimu wa Haji akitangaza kwamba yeyote anayemdai Zubeir na aje alipwe. Baada ya miaka minne ndipo urithi ulipogawanywa. Benki gani leo itamtafuta mwenye haki yake miaka minne kabla ya kugawana faida?

Na huyu Abdallah mwenyewe imepokewa kuwa alikuwa akipokea dirhamu za watu pale Makka, kisha akiwaandikia barua kwa nduguye Mus'ab aliyekuwa Iraq, nao wakifika huko huchukua mali yao. Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa hakuona ubaya. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la suftaja. Baba alifungua mlango wa kuweka, mwana akafungua mlango wa kupeleka.

SOKO LA BASRA

Karne zilizofuata zilikuza mambo haya. Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya 10, ameandika kwamba aliiona huko Awdaghust, mji ulioko katika nchi ya leo ya Mauritania, hati ya deni, yaani sakk, ya dinari 42,000 aliyokuwa akidaiwa mfanya biashara mmoja na mtu wa Sijilmasa, kwa upande wa pili wa jangwa. Karatasi moja ilibeba thamani ambayo kwa dhahabu ingehitaji ngamia na walinzi.

Lakini khabari iliyo karibu mno na kadi zetu ni ya Nasir Khusraw, msafiri wa Kifarsi aliyepita Basra mwaka 443 Hijria, yaani 1051. Alikuta masoko matatu yakifanywa kila siku: moja asubuhi, moja adhuhuri, na moja jioni. Akaeleza kuwa mwenye mali huipeleka kwa sarrafu, akapewa hati yake. Kisha hununua kila anachohitaji na kumhawilisha muuzaji kwa sarrafu yule, na muda wote awapo mjini hatoi kitu ila hati ya sarrafu. Ndugu msomaji, ondoa karatasi utie plastiki, ondoa mtumwa wa barua utie waya, utakuwa umepata kadi ya kulipia dukani kutoka katika hesabu yako. Watu wa Basra waliijua miaka zaidi ya 900 kabla ya Wazungu kuitengenezea mashine.

Na sisi watu wa pwani hatukuwa wageni wa mambo hayo. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tunasema sarafu, amana, hawala, dhamana, rahani na stakabadhi, na yote hayo asili yake ni Kiarabu. Tunasema hundi, neno lililotujia na wafanya biashara wa Bara Hindi. Pesa yenyewe ni neno la Kihindi. Mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja aliyapokea maneno haya pamoja na vitendo vyake kutoka kwa majahazi ya msimu, kabla ya benki ya kwanza ya Kizungu kufungua mlango Unguja mwaka 1892.

MASHINE YA UKUTANI

Sasa natuitazame mashine. Tarehe 27 Juni 1967, katika kitongoji cha Enfield, kaskazini ya London, benki ya Barclays ilizindua mashine ya kutolea pesa. Mtu wa kwanza kuitumia mbele ya watu alikuwa Reg Varney, mchezaji wa vipindi vya televisheni. Aliyeibuni ni John Shepherd-Barron, Mwingereza aliyezaliwa Shillong, Bara Hindi, mwaka 1925. Alisimulia kuwa siku moja ya Jumamosi alikwenda benki akaikuta imefungwa. Akawaza: mbona ziko mashine zinazotoa chokoleti kila saa ukitia sarafu, kwa nini isiwe mashine itoayo fedha?

Wakati ule hapakuwa na kadi za plastiki za mashine ile. Mteja alitia karatasi maalumu iliyopakwa dawa yenye mionzi hafifu ili mashine iitambue, akabonyeza namba yake ya siri, na akapata pauni 10 tu. Shepherd-Barron alifikiria namba ya siri iwe na tarakimu 6, lakini mkewe alimwambia kuwa yeye hawezi kukumbuka zaidi ya 4. Ikawa 4. Naye Mskoti James Goodfellow alikuwa ameshasajili tangu 1966 ubunifu wake wa kadi inayokwenda pamoja na namba ya siri. Siku tisa baada ya Enfield mashine nyingine ilifunguliwa Uppsala, Sweden, na Septemba 1969 ikafuata ya Chemical Bank katika jimbo la New York, Marekani.

Asili ya mashine hii ni nyepesi kuieleza. Mtu ana mali yake, ataka kuichukua saa anayoihitaji, asingoje karani. Hakuna ndani yake mkopo wala ziada. Ada ya kutoa, ikiwa ni kima maalumu kwa ajili ya huduma, ni ujira kama ujira wa hamali au mwenye mashua. Na kadi ya kulipia dukani ni nduguye. Uingereza ilipata kadi yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1987, na leo mara nyingi kadi moja hufanya kazi zote mbili, kutoa na kulipa. Tunaweza kuiita kadi ya akiba, kwa kuwa hailipi ila kilichomo. Hisabu ikikauka, kadi hunyamaza, na kunyamaza huko ni rehema. Humrudisha mtu nyumbani akiwa maskini, lakini hana deni.

BARUA ZA FRESNO

Ama kadi ya mkopo, tarehe yake ni nyingine kabisa. Mwaka 1950 Frank McNamara na wenzake waliianzisha Diners Club huko New York. Kadi yenyewe ilikuwa ya karatasi ngumu, na mwenye kuwa nayo alikula katika mahoteli kisha akalipa yote mwisho wa mwezi. Huo ulikuwa mkopo wa muda mfupi wa kulipwa wote kwa mara moja.

Mageuzi makubwa yalikuja Septemba 1958. Bank of America ilichagua mji wa Fresno, California, ikawapelekea watu wake kadi kiasi cha 60,000 kwa posta. Hawakuziomba. Mtu alifungua bahasha akakuta ameshakuwa na rukhsa ya kukopa dola mamia kadhaa, na kwamba si lazima alipe yote mwisho wa mwezi: aweza kulipa kidogo, na kilichobaki kikaongezewa riba. Wakubwa wa benki walikadiria kuwa watakaochelewa kulipa watakuwa 4 katika kila 100. Wakawa 22. Benki ikapata khasara ya mamilioni ya dola, na aliyeusimamia mpango ule akaondoka. Lakini benki haikuuacha. Ilistahamili mpaka ziada za wanaolipa pole pole zikafunika khasara za wasiolipa kabisa, na kadi ile ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Benki zilizoshindana nayo ziliungana mwaka 1966 katika chama kilichozaa MasterCard. Mwaka huo huo wa 1966 Barclays ilileta kadi ya mkopo Uingereza, mwaka mmoja kabla ya mashine ya Enfield.

Mwaka 1970 bunge la Marekani lilipiga marufuku kuwapelekea watu kadi za mkopo wasizoziomba. Majimbo mengi yalikuwa pia na sheria za kuweka mpaka wa riba. Lakini mwaka 1978 mahakama kuu ya nchi ile ilihukumu kwamba benki yaweza kutoza riba ya jimbo ilikosajiliwa, hata kwa mteja aliye jimbo jingine. South Dakota ikauondoa mpaka wake mwaka 1980, na Citibank ikahamishia huko kazi ya kadi zake kutoka New York mwaka 1981. Zingatia, ndugu yangu: hata kwa watu wasioifuata sharia yetu, riba ilikuwa kitu cha kufungiwa mlango. Aliyeufungua si hekima mpya, ni faida.

Khabari hii yatufunza siri ya kadi ya mkopo. Mteja alipaye yote kila mwezi hampi mwenye kadi riba hata kidogo. Mteja akimbiaye humtia khasara. Anayependeza ni yule wa katikati: mwaminifu asiyekimbia, lakini dhaifu asiyemaliza. Natupige mfano. Mtu ana deni la shilingi 100,000 katika kadi, riba ni 3 kwa 100 kila mwezi, naye kila mwezi hulipa 5 kwa 100 ya anachodaiwa, wala hanunui tena kitu. Baada ya mwaka mzima atakuwa ametoa mfukoni kiasi cha shilingi 55,000. Deni limepungua kiasi gani? Limebaki kiasi cha 77,000. Katika jasho lake la mwaka, shilingi 32,000 zimekwenda katika riba, na 23,000 tu ndizo zilizopunguza deni. Huyo si mvivu wala mwizi. Amelipa kila mwezi bila ya kukosa.

Wanachuoni wametueleza riba ya zama za Jahiliya ilivyokuwa: muda wa deni ukifika, mdai humwendea mdaiwa akamkhiyarisha, alipe au azidishe. Asiyekuwa nacho huzidisha. Sasa ichukue barua ya kadi ya mkopo inayoletwa mwisho wa mwezi, uisome pole pole. Ina tarehe, ina kima cha chini cha kulipa, na ina ziada kwa kitakachobaki. Swali ni lile lile la Makka kabla ya Uislamu, ila sasa laulizwa kwa adabu na kwa karatasi nzuri.

MASHAMBA YA KARAFUU

Pengine msomaji atasema kuwa hayo ni mambo ya Marekani, sisi twaishi Afrika ya Mashariki. Basi na asikilize ya nyumbani.

Katika karne ya 19 mwenye shamba la karafuu Unguja au Pemba akitaka fedha, aliweza kwenda kwa tajiri wakafanya bei ya khiyari. Alimuuzia shamba kwa kima fulani, akabakisha khiyari ya kulikomboa akirudisha kima kile kabla ya muda waliopatana. Katika muda ule hakuhama. Alibaki pale pale akichuma karafuu zake, na kila msimu akimlipa tajiri kodi ya shamba ambalo jana lilikuwa lake. Mkopo uliitwa bei, na riba ikaitwa kodi. Maulamaa walibishana sana juu yake, lakini mikono ya watu ilikuwa mbele ya kalamu za maulamaa.

Deni halingoji mvua. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na deni halikuanguka. Bei ya karafuu ikipanda na kushuka, kodi ilibaki pale pale. Katika miaka ya 1930, biashara ya dunia ilipozorota, wenye mashamba wengi walikuwa wamezama, na mwaka 1934 ilibidi serikali ya Unguja itoe amri ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishiwe wengine bila ya idhini, na kusimamisha udai wa madeni kwa muda. Kisa hiki kisichukuliwe kulaumu kabila. Matajiri waliokopesha walikuwa wa makabila mbali mbali, na wao pia walikuwa wakidaiwa na wengine nyuma yao, Bombay na kwengineko. Kilichowaunganisha mkopeshaji na mkopaji ni mkataba ule, na mkataba ule ndio uliowala.

Leo wengi wetu hatuna mashamba. Shamba la leo ni mshahara, na hati yake ni kadi. Wako katika miji yetu wakopeshaji ambao hawataki dhahabu wala nyumba: hutaka kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Mwalimu, askari au mzee wa pensheni hukopa kwa ajili ya ada ya shule au matibabu, akaiacha kadi yake kwa tajiri. Mwisho wa mwezi tajiri ndiye asimamaye mbele ya mashine, akachukua deni na ziada, na mwenye mshahara hungoja kando atupiwe kilichobaki. Kwa kuwa hakimtoshi, hukopa tena kwa tajiri yule yule. Hii ndiyo bei ya khiyari iliyofufuka: mtu yumo shambani mwake, analima mwenyewe, na mavuno ni ya mwingine. Kadi iliyokuwa amana imegeuzwa rahani ya riba, na plastiki haikubadilika hata kidogo.

Simu nazo zimeingia katika mlango huu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilikuwa hawala safi: mtu wa mjini ampelekea mamake kijijini mali yake mwenyewe, akalipa ujira wa kupeleka. Mwaka 2019 ikaongezwa Fuliza, ambayo humkamilishia mtu pesa zisipotosha, na ada ikawa yazidi kwa siku deni likikawia. Chombo kimoja, namba moja, na kidole hakitambui mpaka baina ya kupeleka na kukopa. Ziada inayokua kwa kupita siku, hata ikiitwa ada, na ipimwe kwa mizani ile ile tuliyoipimia kodi ya shamba la khiyari.

HUKUMU YA MAULAMAA

Maulamaa wa zama zetu hawakulala. Majma'i ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jedda, ilipokutana Riyadh Septemba 2000 ilitoa uamuzi juu ya kadi ya mkopo isiyo na mali ya mteja nyuma yake. Ikasema haijuzu kuitoa wala kuitumia ikiwa ndani ya mkataba mna sharti ya kuzidisha riba, hata kama mteja amekusudia kulipa yote kabla ya muda. Ikiwa sharti hiyo haimo, yajuzu. Na benki yaweza kuchukua ujira maalumu wa kuitoa kadi. Kutoa noti kwa kadi ya namna hiyo ni kukopa, na ada yake isiwe yenye kwenda na ukubwa wa mkopo wala urefu wa muda. Majma'i hiyo ilipokutana Maskati Machi 2004 ikazungumzia kadi yenye mali ya mteja ndani yake, ikasema yajuzu kuitoa na kuitumia maadamu haina sharti ya riba.

Liko jambo moja linalozihusu sana nyumba zetu za pwani, nalo ni dhahabu ya harusi. Dhahabu kwa fedha hubadilishanwa papo hapo, mkono kwa mkono. Kwa ajili hiyo Majma'i haikuruhusu dhahabu kununuliwa kwa kadi ya mkopo isiyo na mali nyuma yake, na ikaruhusu kwa kadi ya mali yako iliyomo. Kwa hivyo baba anayekwenda kwa sonara kumnunulia binti yake bangili na aangalie ni kadi ipi anayoitoa mfukoni.

Tena katika mashine ile ile ya ukutani ziko hukumu mbili. Anayetia kadi yake ya akiba amechukua mali yake. Anayetia kadi ya mkopo amekopa noti, na benki nyingi huanza kumhisabia riba tangu siku ile ile, bila ya muhula wanaompa aliyenunua bidhaa.

LA KUFANYA NYUMBANI

Ndugu Waislamu, tarehe isiyoingia nyumbani ni masimulizi tu. Kwa hivyo natuchukue mambo machache.

La kwanza, aulizwe karani wa benki kabla ya kutiwa sahihi: hii ni kadi ya mali yangu au ya mkopo? Hisabu ikikauka, itakataa au itanikopesha? Nikichelewa, nitazidishiwa? Hisabu hii yenyewe yatiwa riba? Kuuliza si aibu. Ziko benki zilizoanzishwa kwa kufuata sharia, Kenya tangu 2008 na Tanzania tangu 2011 ilipofunguliwa Amana Bank, lakini hata huko mkataba na usomwe. Jina zuri halikutosha katika bei ya khiyari, wala halitatosha leo.

La pili, kadi na namba yake ya siri ni amana. Asipewe tajiri, asipewe jirani, asiandikiwe mtu nyuma ya kadi. Kijana anayetumwa na nyanyake mashine kumtolea pensheni na akumbuke kuwa anasimama mahali pa Abdallah bin Zubeir: kila senti ina mwenyewe.

La tatu, deni liandikwe. Aya ya 282 ya Sura ya al-Baqara ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na yazungumzia kuandika deni na kulishuhudisha. Mume anayedaiwa na kadi wala mkewe hajui, amewaachia warithi fumbo. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiletewa jeneza huuliza kama maiti ana deni, na mara moja alijizuia kumsalia mtu kwa sababu ya dinari chache, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitwika kumlipia. Ikiwa hayo ni kwa dinari chache, itakuwaje kwa deni linalokua maiti yumo kaburini?

La nne, na ndilo lililo zito kwetu sisi wenye ndimi za kukataza. Yule mwalimu aliyeiacha kadi yake kwa tajiri hakuanza safari yake kwa tajiri. Kwanza alibisha kwa ndugu, akaambiwa hali ngumu. Akabisha kwa rafiki, akaambiwa rudi kesho. Alipobisha kwa mla riba, mlango ulifunguliwa siku ile ile. Kumkataza mtu mlango wa haramu na hali tumeifunga milango yote ya halali ni kumwambia mwenye kiu asinywe maji machafu huku tumekalia kisima. Qur'ani imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojewe, na kumsamehe ikawa kheri zaidi. Kila msikiti, kila ukoo, kila chama cha kina mama chaweza kuwa na mfuko mdogo wa mkopo mwema, usio na ziada, ulioandikwa vizuri na kushuhudiwa. Shilingi 20,000 za mfuko kama huo, zikifika siku ya dhiki, huiokoa kadi ya mtu isiingie kwa tajiri.

Na mwenye kukopa naye alipe. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa, na mfuko wa kheri hauuliwi na maskini asiyekuwa nacho, huuliwa na mwenye nacho anayekawilisha.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu yake, atulipie madeni yetu tukiwa hai, na awape wenye nafasi miongoni mwetu mioyo ya Zubeir, ambaye aliona mali ya mwenziwe kuwa ni mzigo juu ya shingo yake. Amin.